Trauti Waliobadilika Rangi Njiani

Usinicheke kabla sijamaliza. Kazi ya kuuza samaki pale Nakuru niliipata kwa mdomo tu. Nilimwambia Bwana Mehta, mwenye duka, kwamba mimi ni mtu wa ziwani na hakuna samaki asiyenijua. Kumbe trauti, yule samaki wa mito ya baridi aliyekuwa akiuzwa pale, nilikuwa sijamwona hata siku moja.

Akanifundisha. "Trauti wetu ni wa aina mbili, renbo na brauni. Renbo ana mstari mwekundu ubavuni, na mkia wake umejaa madoa. Brauni mkia wake ni safi. Angalia mkia kwanza."

Moyoni nikasema, mkia huangaliwa kwa ng'ombe.

Ijumaa akanituma Molo kuchukua trauti. Wakati wa kurudi, lori lilipofika Rongai, gunia likapasuka. Nikawafunga samaki kwa leso mpya nyekundu niliyokuwa nimemnunulia mke wangu.

Dukani nikavaa aproni, nikaifungua leso. Lo! Kila ubavu mwekundu!

"Renbo watupu!" nikatangaza.

Mama Kaur, mteja wetu wa siku nyingi, alikuwa akingoja renbo wa kuwapikia wageni wake. "Una hakika?"

"Mama, mimi nimelelewa na samaki."

Akamwinua mmoja, akamtazama mkia. Haukuwa na doa hata moja. Akausugua ubavu kwa kidole, na ule wekundu ukahamia kidoleni.

Bwana Mehta akasema polepole, "Mtu wa ziwani, hebu tuonyeshe mikono."

Nikaionyesha. Ilikuwa myekundu mpaka viwikoni. Siku hiyo dukani mle renbo alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amevaa aproni.