Mkono Dirishani

Fundi lifti hakujua habari za hali ya hewa, na wala hakuona haya kwa hilo. Kazi yake ilikuwa chini kabisa ya jengo la ghorofa ishirini, katika chumba cha mashine kisicho na dirisha, na mle ndani majira ni mamoja tu: joto na harufu ya grisi. Mambo ya jua, upepo na mvua alimwachia mkewe. Kwa miaka thelathini na mmoja, kila asubuhi, mama huyo alilowesha mkono kwa maji ya bomba, akautoa nje ya dirisha la jikoni, akasubiri. Ukikauka upesi, shati jepesi. Ukigoma kukauka, koti la mvua. Baridi ikiuuma, sweta. Nguo zikawekwa kitini, na fundi akavaa bila kuuliza. Wenzake walimcheka, lakini wao ndio waliokuwa wakinyeshewa.

Basi mwaka huu mambo yakaanza kwenda kombo. Jumatatu alikuta kitini sweta zito la kijivu. Akalivaa, akatoka, na jua likamkaanga hadi mlangoni pa kazi.

"Mzee, hilo sweta ni vazi au ni adhabu?" akauliza mlinzi.

"Mke wangu kapima."

"Basi kipimo kimeharibika."

Jumanne, sweta. Jumatano, sweta na soksi za sufu. Fundi akachanganyikiwa hasa. Siku hiyo alikaa ndani ya lifti akijifanya anakagua vitufe, huku akiuliza kila aliyeingia: sasa hivi ni majira gani? Karani aliyevaa koti akasema ni baridi. Mpishi aliyevaa fulana akasema ni kiangazi, asidanganywe. Mwanamke aliyebeba mwavuli na miwani ya jua akacheka, "Siku hizi, baba, ajuaye ni Mungu."

Jibu hilo lilimfurahisha, akalishika kwa mikono miwili. Kumbe ni dunia iliyovurugika, si mtu wake. Hata hivyo alificha shati jepesi kwenye sanduku la vifaa. Akifika kazini anabadilisha, na jioni anarudi nyumbani ndani ya sweta, jasho likimtiririka, ili mkewe asijue. Alikuwa anaogopa, na alijua anachokiogopa.

Binti yao, ambaye ni muuguzi, alikwisha kukiona. "Baba, mama ananiuliza jambo moja mara nne," alimwambia kwa simu. "Tumpeleke akapimwe."

"Mama yako mzima. Majira ndiyo yameharibika."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua, baba."

Fundi akakata simu. Hakuwahi kumkatia mwanawe simu hata siku moja.

Alhamisi kulikucha anga safi, halina wingu hata la kutafuta kwa tochi, na kitini kulikuwa na koti la mvua. Fundi akalitazama. Kwa mara ya kwanza tangu aoe, aliliacha pale pale, akaondoka na shati.

Saa kumi jioni, anatoka kazini, mvua ikashuka kama iliyotumwa. Watu wakakimbilia vibarazani. Yeye akapita katikati ya mvua, ameloa chapachapa, anacheka peke yake. Mkono ulikuwa umesema kweli. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno ya kumwambia binti yake, na kila alipoyapanga yalizidi kuwa matamu.

"Mke wangu, leo umenikomesha," alisema akifungua mlango. "Nimeliacha koti, nimekiona cha mtema kuni."

Mkewe alikuwa jikoni, mkono uko nje ya dirisha, mvua inaupiga. Akageuka.

"Mbona hujavaa mpaka sasa?" alisema kwa upole. "Asubuhi yote unazunguka tu humu ndani. Kuna baridi leo. Nguo ziko kitini, vaa upesi, utachelewa kazini."

Kitini kulikuwa na sweta la kijivu. Fundi alisimama, maji yakidondoka sakafuni. Alikuwa anatetemeka. Akavua shati, akalivaa sweta, na sweta likampa joto. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote.

Akachukua simu, akampigia binti yake.

"Kesho asubuhi njoo tumpeleke mama yako," alisema. "Na uvae sweta, mwanangu. Amepima, anasema kuna baridi."