Panda Twende Pamoja

Juzi nilikuwa kwenye gereji mjini Garissa, nikingoja gurudumu langu lizibwe. Karibu nami fundi alitoka chini ya gari kuukuu, lililozaliwa kabla yake. Mwenye gari, mzee wa Kisomali, alitaka kumfuata binti yake kijijini Sangailu amlete hospitalini, maana siku zake za kujifungua zilikuwa zimefika.

Fundi alikuwa amechomelea kile chuma kilichokuwa kimevunjika, kinachovuta klachi mtu akikanyaga pedali. Kipya kilikuwepo, lakini kilikuwa kirefu. Kukikata na kukipima kungechukua mpaka alasiri.

"Adeer," fundi alimwita mzee, yaani ami kwa Kisomali, "hii imeshika. Itafika."

Mzee alikanyaga pedali, akasikiliza. "Wallahi itafika?"

"Inshallah."

"Mungu namjua. Nauliza wewe. Haya, panda, twende pamoja. Utakunywa maziwa ya ngamia."

Fundi akacheka. Mzee hakucheka, alifungua mlango wa abiria, akaushika. Fundi aliutazama mlango, akatazama mikono yake, kisha akachukua spana na kurudi chini ya gari.

Mume wangu alifia kwenye barabara hiyo ya Sangailu, katika gari tuliloambiwa litafika. Tangu nimzike, neno hilo siliamini. Kila safari naiombea. Lakini sidhani Mungu anapenda tumwachie na kazi ya spana.

Gurudumu langu lilikuwa tayari, nami sikuweza kuondoka. Alasiri chuma kipya kilikuwa mahali pake. Mzee aliwasha gari, na fundi akapanda mwenyewe.