Dereva Mpiga Picha wa Al-Sulay

Dereva huyu wa lori, ninayeishi naye chumba kimoja Al-Sulay, hupiga picha za magari akiwa amechuchumaa, kamera usawa wa taa za mbele. Kwenye tamasha la mbio za magari hapa Riyadh hagombani na umati. Husubiri kwa utulivu hadi watu wapungue. Ijumaa, mzee mmoja Msaudi hakubanduka mbele ya Datsun nyekundu. Watu wakamfokea, "Yalla, baba, sogea!" Mwenzangu akashusha kamera, akamuuliza kwa Kiarabu kama gari ni lake.

"Lilikuwa langu. Nimeliuza leo asubuhi."

Mwenzangu akatugeukia sisi tuliokuja naye. "Tungojeni kidogo, jameni, mzee anaaga."

Kisha akamwomba mzee aketi kwenye usukani. Picha aliyotuonyesha ina kipande kidogo tu cha gari. Kwingine kote ni uso wa yule mzee.