Asukulu na Sauti ya Kigoma

Siku ile ingali nami, mwanangu, na kila unaponionyesha hiyo redio yako mpya inanirudia yote.

Asukulu ni mdogo wangu; mimi, dada yake mkubwa, huniita yaya. Mimi nilikuwa na kibanda cha kuchaji simu hapa Baraka, naye akileta kompyuta yake kuukuu aliyoifufua kwa kuiwekea mfumo wa Linux. Mfanyabiashara mmoja alimuuzia redio ya mkononi na waya wake wa kuipangia masafa. Mwanzoni kompyuta ilikataa katakata kuigusa ile redio. Alihangaika mpaka akagundua kwamba Linux haimruhusu kila mtu kutumia tundu la waya. Ni lazima jina lako liingizwe kwenye kundi la wenye ruhusa, kisha utoke na uingie upya. Alipofanya hivyo, masafa yote yakajitokeza kwenye kioo. Aliruka, akagonga kichwa kwenye mabati yangu.

Tulimpelekea habari Mzee Etongwe, ambaye zamani alikuwa mtu wa phonie, ile redio ya mawasiliano, kwenye misheni. Aliitazama redio, akairudisha taratibu.

“Kusikiliza, musikilize,” alisema. “Lakini kusema, mungoje karatasi ya Leta. Huku kwetu, kijana akionekana na antene ku mulima, batu banawaza vita.”

Asukulu alitii. Aliomba kibali cha Leta, yaani serikali, kwenye bureau ya Fizi, wakamtuma Uvira. Uvira wakasema jibu litatoka Kinshasa. Mvua zikanyesha zikaisha, jibu halikuja. Yeye alipanda tu mlimani juu ya Fizi, akasikiliza.

Jumapili moja nilipanda naye. Kukawa na sauti safi ya mwanamume wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, akiuliza kama kuna yeyote anayemsikia. Aliuliza tena. Asukulu alinitazama, akabonyeza kitufe cha kusema.

“Nakusikia. Mi naitwa Asukulu, niko Fizi.”

“Fizi! Karibu hewani, kijana!” Yule mtu alicheka kwa furaha, na mdogo wangu akafuta machozi.

Tuliposhuka, hatukufika barabarani. Mtu alikuwa ameiona antena, na askari walitungoja.

“Unasema na nani kule?”

“Na mutu wa Kigoma, chef. Namusalimia tu.”

“Unamusalimia na antene?”

Wakamchukua, pamoja na redio na kompyuta. Mimi nikakimbia kwa Mzee Etongwe, kwa maana wakubwa wa askari walisali naye na walimheshimu. Neno lake moja lingetosha. Alinijibu akiwa ndani, mlango umefungwa:

“Nilibaambia.”

Nilibisha mpaka mkono ukavimba. Hakufungua.

Asukulu alipoachiliwa, sikio lake la kuume lilikuwa limekufa kwa vipigo. Vyombo vyake hatukuviona tena. Alikwenda Misisi kuchimba dhahabu, na huko yuko hadi leo. Nikimpigia simu anasema maneno mawili: “Niko, yaya.” Nikitaja redio, anakata. Mzee Etongwe alipofariki nilikwenda msibani, nikaketi na bamama wengine, machozi hayakutoka. Alikuwa sahihi katika kila alichotuambia. Hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Basi sikiliza, mwanangu. Hiyo redio yako, kabla ya kuandika lolote ndani yake, isome kwanza kwa kompyuta na uhifadhi nakala ya yale iliyokuja nayo, ili ukikosea uweze kuirudisha. Linux ikikukatalia, usikasirike. Tafuta ruhusa inayokosekana. Sikiliza sana. Kitufe cha kusema usikiguse bila kibali, hata sauti ikikuita kwa uzuri gani. Leta wakichelewa, tutakwenda pamoja Uvira, nami nitaketi mlangoni kwao mpaka wachoke kuniona.

Na siku moja wewe nawe utakuwa mkubwa, utaonya vijana, na mmoja hatakusikia. Akipatwa na shida, fungua mlango kwanza. Mfuate, umtoe, umkemee mkiwa njiani mnarudi nyumbani.

Mungu akutangulie, mwanangu. Jina lako lisikike ng'ambo bila hofu, na kila atakayekuitikia awe mtu wa amani.