Tumbo Jipya kwenye Sinia la Mavyaa

Iko siku moja, mwanangu, ambayo huijia akili yangu kila nikiona mtu anasukuma chakula pembeni mwa sahani. Ni siku ndugu zangu walipofika Mwabungo kutoka kwetu Jego, wamekunja nyuso, kuja kunitoa katika nyumba ya mume wangu. Walikuwa wamesikia kwamba mavyaa wangu, mama mzazi wa mume wangu, ananitilia kitu kibaya kwenye chakula. Ukweli niliujua mimi peke yangu, na mimi ndiye niliyeuficha. Kaa nikueleze taratibu, maana mama yako kanisimulia habari zako na nimeona nisinyamaze.

Kaniambia kwamba tangu urudi kutoka Mombasa, walikokupunguza tumbo ili mwili nao upungue, unakula chumbani mlango umefungwa. Wageni wakija unasingizia kazi. Na juzi ulikula wali kwa kipimo chako cha zamani, ukatapika, kisha ukalia mpaka ukalala. Mama yako anafikiri unajutia operesheni. Mimi sifikiri hivyo. Mimi nilikatwa tumbo kabla mama yako hajazaliwa, na najua unacholilia.

Usinicheke. Wakati wetu hakuna mtu aliyekwenda kukatwa tumbo ili apungue. Unene wenyewe tulikuwa tunautafuta kwa udi na uvumba. Nilipoolewa na Hamisi uhuru ulikuwa haujatimiza mwaka, watu bado wanashona nguo za rangi za bendera, na mimi nilikuwa msichana mnene wa kupendeza, wa kujaza mlango. Na kula nilijua. Hamisi alikuwa akinunua nazi na kukausha mbata, na tuliishi na mama yake, Bi Mwanakombo, mpishi ambaye harusi za pale hazikuanza kuwashiwa moto kabla hajafika. Furaha ya mwanamke yule ilikuwa kumwona mtu anakula. Wakwe wengine humtazama mke wa mwana wao anavyofagia. Bi Mwanakombo alitazama mkono wangu unavyokwenda siniani, na alicheka peke yake kwa raha. Nilimpenda kwa hilo kuliko kwa jambo jingine lolote.

Kisha vidonda vya tumbo vikanishika. Nilivumilia, nikanywa mizizi, nikanywa maziwa, mpaka nikatapika damu wakanivusha Likoni hadi hospitali kubwa. Wakanipasua. Nilipozinduka alikuja daktari Mzungu na nesi mmoja wa Kirabai wa kunitafsiria. Daktari alikunja ngumi yake akanionyesha. "Anasema tumbo walilokuachia ni kama ngumi hiyo," nesi akaniambia. "Kidonda kimeondoka na sehemu kubwa ya tumbo. Sasa ule kidogo, ule mara nyingi, utafune mpaka chakula kilainike. Usinywe maji pamoja na chakula. Na vitu vitamu uviogope." Nikaitikia yote. Ni rahisi kuitikia ukiwa kitandani na hakuna harufu ya pilau.

Hamisi hakuwapo, alikuwa nje na wanaume wengine wakisubiri saa ya kuingia. Alipoingia nikamwambia kidonda kimetolewa, nimepona. Hilo la ngumi sikulisema. Mwezi wa Ramadhani ulinipita hapo hapo wodini.

Niliporudi Mwabungo nilikuwa nimebaki macho tu. Leso iliyokuwa ikinitosha kwa shida sasa ilinizunguka ikabaki. Wanawake walikuja kunipa pole, na kila mmoja alikuja na bakuli, na kila mmoja alisema, "Maskini, umekwisha, hebu kula urudi." Bi Mwanakombo ndiye aliyepika hasa. Wali wa nazi, papa wa kukaanga, mchuzi unaong'aa. Siku ya kwanza nilikula kumfurahisha, nikaenda nyuma ya nyumba nikavitapika vyote. Siku ya pili hivyo hivyo. Tumbo lilikuwa limekatwa, mwanangu, lakini macho hayakukatwa, na mkono ulikuwa bado unamega tonge la zamani.

Wewe umekulia huku, sina haja ya kukueleza sinia. Wanawake mmekaa mnazunguka chakula kimoja, na ukiinua mkono mapema wenzako nao huona haya kuendelea. Tena iko kubwa zaidi. Mke wa mtu akikataa chakula cha mavyaa wake, watu wa huku hawasemi hana njaa. Wanasema anaogopa alichotiliwa. Basi siku moja tumekaa, mkono wangu umegoma, wote wananitazama, na uongo ukanitoka mdomoni wenyewe.

"Samahanini, nilisahau. Nimefunga, nalipa."

Hakuna aliyeshangaa. Mwanamke aliyekuwa hospitali Ramadhani nzima ana deni la saumu, nani atabisha? Bi Mwanakombo alinisifu mbele ya wenzake kwamba dhaifu vile nakumbuka haki ya Mungu. Nikaona nimepata njia. Kesho yake nikasema nimefunga tena, na keshokutwa. Mchana nilijificha kwenye kibanda cha mbata nikijifanya nazipindua, kumbe natafuna ndizi mbivu kidogo kidogo na mafuta ya nazi yananuka kila upande.

Lakini sikufikiria mbele. Aliyefunga hufuturishwa. Kadiri nilivyosema nimefunga, ndivyo mavyaa wangu alivyozidi kunihurumia, na ikifika magharibi ananingojea na uji wa mchele uliotiwa sukari, mihogo ya nazi, tambi, kaimati zinazoogelea katika shira. Ndivyo vile vitu vitamu nilivyoambiwa niviogope. Ningesema nini? Mtu ameshinda na njaa kutwa nzima, akatae futari? Nilikula. Na kila nilipokula, moyo ulikwenda mbio, jasho likanitoka, macho yakaingia giza. Siku moja nikaanguka hapo hapo jamvini, mbele ya majirani waliokuja kufuturu nasi.

Basi maneno yakaanza. Bi Fatuma wa nyumba ya pili ndiye aliyeyatoa kwanza: "Mchana kutwa yuko salama. Akila cha mavyaa wake tu, chali." Wewe unajua maneno ya namna hiyo yanavyokwenda huku kwetu, na yanapoishia. Wazee wameuawa kwa maneno kama hayo. Harusi ikatokea Galu, wakamwita mpishi mwingine. Asubuhi moja Bi Mwanakombo alimpelekea jirani sahani ya vitumbua, ikarudi vile vile, haikufunuliwa hata kawa. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi, cha kukunia nazi, akaishika ile sahani kwa muda mrefu. Nilimwona kutoka mlangoni. Nilimwona, mwanangu, na bado sikusema.

Unaniuliza kwa nini. Niliona haya, hilo la kwanza. Nilidhani wakijua nimebakiwa na tumbo la ngumi wataniona mwanamke nusu, na Hamisi atatafutiwa mwingine mwenye afya. Lakini la pili ndilo lililonishinda zaidi. Kusema kungekuwa kukubali kwamba kula kule kumekwisha. Yule msichana wa kujaza mlango, aliyepigiwa vigelegele kwa tonge zake, hatarudi. Nilikililia chakula kama nilivyomlilia baba yangu alipokufa, ila kwa baba watu walikuja kunipa mkono wa tanzia, na kwa hili nililia kibandani peke yangu.

Ndipo ndugu zangu wakaja. Kaka yangu mkubwa, Kassim, mtu wa adabu kuliko sisi sote, aliingia uani akampita Bi Mwanakombo bila kumwamkia. Mama mtu mzima, mwenye mvi, hakupata shikamoo ndani ya ua wake mwenyewe. Hata hivyo alitandika mkeka, akaleta kahawa na mahamri.

"Hatunywi hapa," Kassim akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Chukua nguo zako."

Hamisi alisimama. Bi Mwanakombo hakumtazama Kassim wala mwanawe. Alinitazama mimi.

"Mwanangu, mimi nimekufanya nini?"

Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele, pengine ningeingia ndani nikafunga nguo zangu. Lakini aliuliza kama mtu ambaye kweli hajui, na anaweza kuamini chochote nitakachomwambia. Niliona kwamba nikinyamaza sasa hivi, mwanamke huyu ataishi na jina hilo mpaka kaburini, na hata Hamisi ipo siku atajiuliza.

Nikakaa mkekani. Nikachukua hamri moja, nikamega kipande kidogo, nikakitia mdomoni. Nikatafuna. Wote wamesimama, mimi natafuna. Kassim alitaka kuniondolea, nikamzuia kwa mkono, nikatafuna mpaka kikalainika, nikameza, nikarudisha hamri lililobaki kwenye sahani.

"Hiki ndicho chakula changu cha asubuhi," nikasema. "Kimekwisha. Nikizidisha, naugua. Akipika mama naugua, na nikila kwenu Jego nitaugua vile vile, kwa sababu tumbo langu wamelikata likabaki hivi." Nikawaonyesha ngumi. "Na sikuwa nimefunga. Siku zote zile sikuwa nimefunga hata moja. Mama hana kosa."

Hamisi akakaa chini taratibu. Kassim akamwendea Bi Mwanakombo akainama.

"Shikamoo, mama."

Bi Mwanakombo alimwacha ameinama hivyo, na mimi sikumlaumu. Kisha akasema, "Marahaba," akammiminia kahawa, na safari hii Kassim akainywa, nayo ilikuwa ya moto ikamwunguza ulimi, na hakuthubutu kusema.

Walipoondoka, mavyaa wangu alinifuata jikoni. Nilijua nitapata yangu, na nikapata.

"Ulidhani nakupenda kwa sababu ya tumbo?" akaniuliza. "Mimi nilipenda kukuona umefurahi. Nikafikiri furaha yako iko kwenye wali. Ungeniambia iko wapi sasa, ningeipika. Lakini usinifanye tena mchawi, wewe, ili uonekane mzima."

Neno hilo sijalisahau. Nililia, naye akaniacha nilie, akaendelea kupepeta mchele. Alipomaliza akaniuliza ngumi yenyewe ni ya kwangu au ya yule Mzungu, maana zinatofautiana. Nikacheka na machozi yananitoka. Tangu siku hiyo nilikuwa na kibakuli changu, na samaki wangu wa kuchemsha asiyetiwa pilipili, na wanawake wakianza kunihimiza siniani yeye aliwakatiza: "Mwacheni, huyu ana mwendo wake." Tulimwuliza mwalimu wa msikitini kuhusu saumu, akasema nimlishe maskini kwa kila siku niliyoshindwa. Bi Mwanakombo ndiye aliyenisaidia kupima mchele wa fidia hiyo, akinitania kwamba sasa nalipa kweli.

Haikuwa rahisi, sitakudanganya. Tumbo lilizoea haraka, kichwa kilichelewa. Ilinichukua muda kujifunza kwamba nikiona huzuni sina njaa, nina huzuni. Kwamba nikichoka sitaki kaimati, nataka kulala. Kwamba naweza kukaa harusini, nikatafuna vipande vyangu vichache, nikacheka na kusikiliza umbea wote bila kupitwa na hata neno moja, wakati wenzangu midomo imejaa hawawezi kuuliza maswali. Hiyo raha sikuijua nilipokuwa nakula sana. Mwili huu mpya nao nilichelewa kuuita wangu. Nilikuwa nikiuona kwenye kioo nikitaka kuuamkia kama mgeni.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Usile tena umejifungia. Ukishiba sema umeshiba, kwa sauti, hata kama umekula kijiko kimoja, na wenye kukodoa macho waache wakodoe, yatachoka. Wapishi wako waambie mwenyewe tumbo lako linataka nini, maana wao wanapika kwa kubahatisha na kukosea kwao si ubaya. Ukitaka kukililia chakula cha zamani, kililie, lakini lia mbele ya mtu anayekupenda. Na jihadhari na uongo mdogo wa kuokoa aibu, kwa sababu wewe utaona umejificha, kumbe mwenzako ndiye anayetazamwa.

Mungu akubarikie kidogo chako kikutoshe, akupe afya ya kukitafuna na watu wa kukaa nao ukikitafuna. Akuondolee haya usiyostahili. Akufanye uupende mwili huu aliokurudishia. Amin.

Sasa inuka uende. Mama yako ameketi jikoni tangu asubuhi, na anadhani hukupenda alichopika.