Gari Lililomsitia Mkewe Tu

Palikuwa na fundi wa magari ambaye watu walimwita Kiguu na Njia, naye jina hakulikataa, maana hata chai aliinywa amesimama. Sasa mtu wa namna hiyo umpe gari la zamani lenye ugonjwa wa kujificha, atapata wapi usingizi?

Gari lenyewe lilikuwa la mkewe, muuguzi, aliloachiwa na mjomba wake: kuukuu lakini zuri, la kunyunyiza mafuta kwa nozeli, si la kabureta ya kizamani. Siku moja lilisita akiingia barabara kuu, lori likamkosa kidogo tu. Jioni alirudi nyumbani akatupa funguo mezani.

"Nimeomba chumba kule hospitali," alimwambia mumewe. "Jumatatu nahamia. Nitakuwa nakuja mwisho wa mwezi."

Roho ilimruka Kiguu na Njia. Akabadilisha plagi. Akabadilisha filta ya mafuta, akaosha nozeli, akapima pampu, akakaza kila mpira wa hewa. Kila alipomaliza alirukia usukani, akakanyaga mafuta mpaka chini, na gari likachomoka kama limechomwa sindano. Basi, limepona. Usukani akishika mkewe, linasita.

"Linasita nikikanyaga taratibu," mkewe alisema.

"Wewe bado hujajua kukanyaga," akajibu, kichwa keshakiingiza tena chini ya boneti. Ndivyo alivyo bwana yule, ukianza kumweleza jambo yeye yuko njiani.

Jumapili hapakuwa na kitu tena cha kufungua. Ikambidi akae kiti cha abiria, mahali anapopachukia kuliko kaburi. Mkewe akaondoa gari. Goti la fundi linacheza, mguu unatafuta breki isiyokuwepo. Mkewe akagusa mafuta kidogo tu, na gari likasita. Akaachia, akagusa tena kiasi kile kile, likasita tena. Pale pa kukanyaga kidogo, mguu wa Kiguu na Njia haukuwahi kutulia hata mara moja. Siku zote ulipapita mbio kwenda chini.

Waliporudi alifungua kipimo cha hewa, kile kijisanduku kinachoiambia injini imevuta hewa kiasi gani. Ndani yake kuna kijimkono kinachosugua bamba dogo, na bamba lilikuwa limelika mahali pamoja, pale pale pa mguu wa taratibu. Akakisogeza kijimkono kwa unene wa unywele kisugue palipo pazima, akafunga.

Mkewe akaendesha hadi barabara kuu na kurudi, fundi kando yake. Halikusita. Fundi alitaka kumweleza alichofanya, akaacha. Aliona haya, na hofu ya kuachwa ilikuwa kubwa zaidi.

"Ulisema tangu mwanzo," akasema.

"Nilisema."

"Bado utahama?"

Mkewe akazima injini. "Si gari peke yake," alisema. "Nimechoka kuongea na mgongo wako."

Mkono wa Kiguu na Njia ulikuwa umeshashika kitasa cha mlango. Akauondoa, akageuka kumtazama.

"Niambie," akasema, akabaki amekaa.