Hotuba Yangu Ilimnyima Shangazi Wachimba Kaburi

Admin, jina langu lifiche, na kata yetu usiitaje. Mbozi ni kubwa lakini maneno yana miguu. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na minne, mwaka wa tatu chuo kikuu, nasomea sayansi ya siasa. Majukwaani wananiita Kamanda. Kwa niliyoyatenda, jina hilo sasa nalionea aibu.

Likizo hii chama chetu kiliniita Tunduma. Mkakati ulikuwa tusitawanye nguvu kila mahali, bali tuwalenge wabunge na madiwani wa chama kingine wanaoyumba kwenye viti vyao, tuwasukume hadi waanguke. Niliuamini mkakati huo, na sitawadanganya, bado nauamini. Tulikutana ofisini, mtaa wa Chapwa, orodha ikasomwa. Jina la tatu lilikuwa la shangazi yangu, dada wa baba, diwani wa kata yetu kwa vipindi viwili.

Katibu akanigeukia. "Kamanda, huyu ni wa kwenu. Tukimgonga wapi anaanguka?"

"Mwacheni jamani," mwenzangu mmoja akadakia, "atanyimwa ugali nyumbani!"

Wakaangua kicheko. Kicheko kile kilinichoma. Nikasimama nikasema, "Haziki."

Kwetu kiongozi anaweza kushindwa kuleta maji, akashindwa barabara, na bado akasamehewa. Asiyekaa msibani na wenzake hasamehewi. Na kweli, mwaka mzima shangazi hakuonekana msibani. Alituma unga na salamu za pole, kisha akajifungia ndani. Watu wakasema ni majivuno ya udiwani.

Mimi nilijua sababu. Mimi ndiye niliyempeleka hospitali Mbeya. Tangu afanyiwe upasuaji wa kizazi, haja ndogo humtoka bila uwezo wa kuizuia, na msibani wanawake hukaa mikekani bega kwa bega, siku tatu. Aliniapisha nisimwambie mtu yeyote, hata baba. Kiapo nilikitunza, na hicho hicho ndicho kilichonipa silaha: nilijua hawezi kujitetea.

Jukwaani nilinguruma, "Ndugu zangu! Aliyekataa kumlilia mama yako, wewe utampigia kura kwa mkono upi?" Uwanja ukalipuka. Nilibebwa mabegani.

Wiki mbili baadaye mume wake akafariki ghafla. Desturi yetu, vijana wa kijiji hufika asubuhi na majembe bila kuitwa. Nilisubiri. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita. Tulikuwa wanne tu: mimi, baba, na wana wawili wa marehemu. Vijana walipita barabarani na majembe yao begani, wakielekea mashamba ya kahawa. Nikamkimbilia mmoja niliyecheza naye mpira tangu utotoni.

"Kaka, hata wewe?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Kamanda, si ulitufundisha mwenyewe? Asiyezika wenzake na ajizikie. Sisi tunakufuata wewe."

Tulichimba hadi alasiri, viganja vikachubuka. Ndani mikeka ilikuwa mitupu. Shangazi alikaa peke yake katikati ya chumba, na siku hiyo hakuwa na mtu wa kumkimbia.

Alinishika mkono. "Mwanangu, usijitese. Najua maneno yale ya jukwaani walikuandikia wenzako. Wewe usingeweza."

Nikamwacha aamini hivyo, nikatoka kurudi kaburini. 

Tangu msiba ule hakuna jirani anayebisha hodi kwake. Ndoo ya maji anajibebea mwenyewe, na hali yake hairuhusu. Juzi aliniita. "Wewe ndiye msemaji wa ukoo. Niandikie maneno ya kuwaambia watu kwenye mkutano wangu wa kata. Ila ugonjwa wangu usiuguse, nitakufa kwa aibu."

Nikiutaja ugonjwa, huenda wanawake wakarudi, lakini nitakuwa nimemvua nguo mbele ya kata nzima. Nisipoutaja, sioni neno linaloweza kumtetea. Na nikimwambia kwamba hakuna aliyeniandikia chochote, nitamnyang'anya mtu wa mwisho anayemwamini.

Mkutano wake ni Jumamosi. Nitukaneni, ninastahili, lakini mkimaliza mniambie: nianze kusema lipi, na nimwambie nani kwanza?